Bonde Lililojibu Hapana

Mwaka niliorudi Pemba kufanya kazi nilipangiwa mabonde ya mpunga ya kaskazini, na nikapatiwa chumba katika nyumba ya mjane mmoja upande wa Wingwi. Sheha, kiongozi wa serikali wa shehia ile, ndiye aliyenipeleka. Alipiga hodi, akasema, "Bi Mkubwa, nimekuletea mgeni wa serikali." Akatoka mwanamke wa rika la mama yangu, mikono imejaa unga wa muhogo, akanitazama kuanzia viatu hadi ushungi.

"Huyu si mgeni," alimwambia sheha. "Huyu kwao Chake. Pua hiyo naijua. Babake alisomesha skuli yetu hapa."

Ilikuwa kweli. Baba alifundisha huko kabla sijazaliwa. Mimi nilikulia mjini Chake Chake, nikasoma uchumi wa kilimo Bara, na mpaka siku ile sikuwahi kutia mguu ndani ya jaruba, kile kipande cha mpunga kilichozungushiwa kingo za udongo, hata mara moja. Mpunga niliujua kwa majedwali. Nilijua mkulima mdogo hubadilisha nini mvua inapokuwa haitabiriki tena: hubadilisha mbegu, husogeza siku ya kupanda, huuza mbuzi, hutafuta kibarua, na mwisho huacha ardhi. Niliyajua hayo kwa mpangilio huohuo, kama ngazi, na kazi yangu ilikuwa kumuuliza kila mkulima yuko kwenye kipandio gani.

Mradi uliotuajiri ulikuwa na fedha za kujenga tuta moja tu la kuzuia maji ya bahari. Mabonde yaliyokuwa yakilia yalikuwa mengi. Sisi watafiti tungeuliza, majibu yangekusanywa, na bonde lililoumia zaidi ndilo lingepata tuta. Lilikuwa jambo la haki, niliona, na nilifurahi kuwa sehemu yake.

Bonde la Bi Mkubwa lilikuwa refu na jembamba. Upande wa juu lilianzia kwenye chemchemi chini ya mikarafuu, na upande wa chini liliishia kwenye msitu wa mikandaa, ile miti ya maji ya chumvi inayosimama kwenye tope. Majaruba ya huko yalikuwa ya wanawake, kila mmoja alirithi kwa mama yake. Bi Mkubwa alikuwa na matatu, yote upande wa chini kabisa, kwa sababu bibi yake alikuwa mke wa pili na akapewa kilichobaki.

Siku za mwanzo nilikwenda naye shambani asubuhi kabla ya kuanza mahojiano. Wanawake walinicheka nilivyovua viatu. Walicheka pia nilivyosema, kwa kuwa lafudhi ya kisiwani ilikuwa imenitoka miaka mingi, na nilizungumza kama mtangazaji wa redio. Jirani wa Bi Mkubwa, ambaye jaruba lake lilipakana na yake, ndiye aliyecheka zaidi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mdomo mwepesi, na aliniita Taarifa ya Habari. "Taarifa ya Habari imefika," angesema, "leo kuna mvua au hakuna?"

Nilimhoji yeye wa kwanza. Tulikaa kwenye ukingo, mimi na kishikwambi changu, yeye na bakuli la maembe mabichi. Alijibu yote vizuri: watoto wangapi, mbegu gani, alivuna magunia mangapi, mvua ya mwaka jana ilichelewa kiasi gani. Kisha nikamsomea swali lililohusu tuta.

"Je, katika misimu iliyopita, maji ya chumvi yamewahi kuingia katika shamba lako?"

"Chumvi?" alisema. "Chumvi iko dukani."

"Niandike hapana?"

"Andika hapana."

Nikaandika. Lakini alipokuwa akijibu nilikuwa nikitazama chini, na miguuni petu ukingo ulikuwa na matundu. Matundu madogo ya mviringo, na mdomoni mwa kila tundu vidonge vya udongo vilivyofinyangwa vizuri. Nilipotulia kidogo, kaa mmoja akatoka, mwekundu, mwenye gando moja kubwa kuliko mwili wake. Alilipandisha na kulishusha gando lile kama anayeita mtu. Yule mwanamke alimwona pia. Alitupa kokwa la embe, kaa akazama, na tukaendelea na swali lililofuata.

Wiki ile na iliyofuata nilihoji karibu kila mwenye jaruba katika bonde lile. Kila mmoja alijibu hapana. Wa juu walijibu hapana bila kufikiri, na niliwaamini. Wa chini walijibu hapana haraka zaidi ya wa juu, na walipojibu hawakunitazama. Mwanamke mmoja alijibu kabla sijamaliza kusoma swali. Mwingine alisema kwake hakuna, labda kwa jirani. Jirani akasema kwake hakuna, labda kwa yule. Nilitoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine nikifuata chumvi iliyokuwa daima iko kwa mtu wa pili.

Mvua za masika hazikuwa zimeanza bado. Majaruba yalikuwa makavu, na katika yale ya chini udongo ulikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Kulikuwa na mabaka meupe, kama nguo iliyoanikwa ikiwa bado na jasho. Harufu nayo ilikuwa ya bandarini. Nilijiambia mimi si mtaalamu wa udongo.

Kisha asubuhi moja nilichelewa kuamka, nikamfuata Bi Mkubwa peke yangu. Nilimkuta ameinama katika jaruba lake la mwisho, lile linalogusa msitu. Alikuwa anang'oa kitu. Niliposogea nikaona ni miche. Ilikuwa myembamba, imenyooka, kila mmoja na majani mawili ya kijani kibichi yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Alikuwa amekusanya mafungu mawili, na mbele yake ilisimama mingine mingi, imetapakaa bila safu kutoka kwenye msitu hadi katikati ya jaruba, mahali ambapo mpunga ungepaswa kuwa baada ya mwezi mmoja.

Sikuhitaji kuambiwa. Mikandaa haioti penye maji matamu.

Hakustuka aliponiona. Aliendelea kung'oa mpaka akamaliza ule mstari, kisha akanyooka, akashika kiuno.

"Tangu lini, Bi Mkubwa?" niliuliza.

"Mwaka wa nne huu. Mwanzo ilikuwa mmoja mmoja. Nilidhani watoto wanachezea."

"Na wenzako?"

"Kila mtu na wake. Kila mtu anakuja mapema anang'oa ya kwake, anatupa msituni, anakwenda zake. Hatusemezani."

Nilimuuliza kwa nini. Alinieleza kwamba miaka ya nyuma, katika bonde jingine, walikuja watu na vigingi. Walipima, wakasema ardhi hii imeshaingia chumvi, haifai tena kwa kilimo, irudi kuwa msitu. Vigingi vikapigwa, na wenye majaruba wakakatazwa kulima. Kama ilikuwa ni amri kweli, au ni maneno yaliyokua kila yalipopita mdomo mpya, sikuweza kujua. Nilitafuta baadaye na sikupata karatasi yoyote. Lakini yeye na wenzake waliamini, na imani ile ndiyo iliyokuwa ikijibu maswali yangu.

"Miye sina kitu kingine," alisema. "Shamba la karafuu sina. Mume sina. Nna hiki kipande alichonachia mama. Leo ukiandika chumvi imeingia, kesho atakuja ntu na kigingi."

"Nikiandika chumvi imeingia, mnaweza kupata tuta."

"Tunaweza?"

Sikuweza kumwambia kwa hakika. Tuta lilikuwa moja tu.

"Basi," alisema. "Kati ya tuta la labda na kigingi cha yakini, weye ungechagua nini?" Akainama tena. "Usiandike, mwanangu. Umelala kwangu, umekula kwangu. Usiandike."

Katika mafunzo tulifundishwa kwamba mtafiti huandika kile anachojibiwa. Haandiki anachokiona, wala anachokidhani. Kuna sababu nzuri ya kanuni hiyo. Jioni ile nilijificha nyuma ya kanuni hiyo kama mtoto nyuma ya khanga ya mama yake. Nilimsomea Bi Mkubwa dodoso lote sebuleni kwake, rasmi, kama mtu nisiyemjua, na tulipofika kwenye swali lile akasema hapana, nami nikabonyeza hapana. Kulikuwa na nafasi ya maelezo ya mtafiti chini ya ukurasa. Niliiacha tupu. Niliiacha tupu kwa majina yote ya bonde lile, pamoja na yule mwanamke wa kaa.

Nilimaliza, nikarudi ofisini Chake. Majibu yakachambuliwa. Katika orodha ya mabonde, yaliyopangwa kuanzia lililoumia zaidi, letu lilikuja la mwisho. Mkuu wangu, mtu mwangalifu na mwema, alinigeuzia karatasi mezani na kuniuliza, "Hili la kwako halina tatizo kabisa? Liko jirani na mikandaa."

"Ndivyo walivyosema wenyewe," nilijibu.

Alinitazama kidogo, kisha akaweka saini yake chini ya yangu. Tuta likaenda kusini.

Mwaka uliofuata nilirudi Wingwi kwa duru ya pili, maswali yaleyale kwa watu walewale. Masika ilianza vizuri mwezi wa tatu. Ilinyesha siku tano mfululizo, na wanawake wakapanda. Bonde lote likawa kijani. Hata yale mabaka meupe yalisafishwa na mvua, na nilianza kufikiri kwamba labda niliogopa bure, kwamba labda Bi Mkubwa alijua ardhi yake kuliko mimi.

Kisha mvua ikakatika. Siku kumi, siku kumi na tano. Kila asubuhi mawingu yalikuja kutoka baharini, yakasimama juu ya mikarafuu, yakapita. Mpunga uliokuwa umepita kidogo kifundo cha mguu ukaacha kukua. Chemchemi ya juu ilipungua mpaka mfereji uliopita katikati ya bonde ukawa uzi. Wanawake waliacha kutaniana shambani. Yule jirani hakuniuliza tena taarifa ya habari. Alipita akanisalimia tu.

Bi Mkubwa alianza kufanya jambo ambalo wiki za mwanzo hakulifanya mbele yangu. Kila alipofika jarubani alichota udongo kwa kidole, akautia ulimini, akatema. Siku ya tatu nilifanya vilevile. Ulikuwa kama chozi.

"Mwezi mwandamo lini?" aliniuliza.

Nilimwambia ni siku mbili zijazo.

"Bamvua la mwezi wa nne ndilo kubwa," alisema. Bamvua ni yale maji makuu yanayojaa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. "Miaka mingine mvua inakuwa nyingi, maji matamu yanayasukuma ya chumvi, hayapati njia. Mwaka huu tuna nini cha kuyasukuma?"

Siku ilipofika, hapakuwa na dalili yoyote. Nalisema hili kwa sababu watu wengi niliowasimulia baadaye walitaka kusikia upepo, mawimbi na kelele. Hakukuwa na upepo. Anga ilikuwa safi. Tulikuwa watu kama kumi na tano bondeni, tukipalilia kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya, na adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha muda si mrefu. Nilihisi miguu yangu imelowa. Nilidhani nimekanyaga mfereji. Nikatazama chini.

Maji yalikuwa yanatoka ardhini. Yalipanda kupitia matundu ya kaa, kila tundu likichemka taratibu kama chungu, na povu dogo la kahawia likizunguka mdomoni mwake. Yalikuwa vuguvugu. Hayakuwa na haraka. Mfereji nao, uliokuwa ukitiririka kwenda baharini tangu enzi za bibi zao, ulikuwa umesimama. Kisha, mbele ya macho yetu, jani moja kavu lililokuwa juu yake likaanza safari ya kurudi juu.

Bi Mkubwa ndiye aliyepiga ukelele. Alishika jembe akakimbilia mdomo wa mfereji, nasi nyuma yake. Tulikata migomba tukaitupa pale. Mtu alileta magunia tukayajaza udongo. Jirani yake mnene aliketi kabisa ndani ya mfereji, akaziba kwa mwili wake, akipiga kelele tumletee magunia, na kwa dakika chache maji yalisita kweli, tukadhani tumeweza. Lakini tulikuwa tunaziba mlango wa nyumba isiyokuwa na kuta. Yalikuja kutoka msituni, kati ya mashina, kwa upana wote wa bonde, safu moja isiyo na sauti. Yaliingia jaruba la mwisho, yakavuka ukingo, yakaingia la pili. Yalipita kandokando yetu huku sisi tumeshikilia magunia yetu.

Nilimtazama Bi Mkubwa. Alikuwa ameacha kuziba. Alisimama katikati ya jaruba lake, maji yamefika juu ya kifundo cha mguu, mpunga umetoa ncha tu, na kati ya ncha zile vilielea vijiti vyembamba vya kijani. Vilikuwa mbegu za mikandaa, zimesimama wima majini, mamia, zikisogea pamoja na maji kuelekea juu.

Yalikaa kiasi cha saa mbili, kisha yakaondoka kwa utulivu uleule. Kesho yake yalirudi, juu zaidi. Siku ya tatu yalifika nusu ya bonde, kwenye majaruba ya wale waliojibu hapana kwa ukweli. Kufikia mwisho wa wiki mpunga ulikuwa wa njano, na wiki ya pili ulikuwa rangi ya makuti. Ukiushika ulivunjika kwa mlio mdogo. Mvua ilikuja baada ya hapo. Ilinyesha sana.

Mkuu wangu alikuja, na sheha akaitisha mkutano skuli. Wanawake walikuja na mafungu ya mpunga uliokufa wakayaweka mezani mbele yake, moja juu ya jingine, mpaka hakuonekana vizuri. Mwanamke mmoja wa upande wa juu wa bonde alisimama, akauliza kwa nini tuta lilijengwa kusini na wao wakaachwa. Nani aliwasahau?

Mkuu alifungua karatasi zake. Hakuwa na ubaya. Alisoma tu. "Hapa tuliwauliza wenyewe, mama zangu," alisema. "Bonde zima lilijibu hapana. Hakuna hata mmoja aliyesema chumvi imeingia."

Wa juu waliwageukia wa chini. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni, kalamu mkononi, na nilijua kwamba wakati wangu wa kusimama ni huo. Nilikusudia kusimama. Nakumbuka nilivuta miguu chini ya kiti ili nisimame.

Aliyesimama ni Bi Mkubwa.

"Tulisema uongo," alisema. "Sisi wa chini. Chumvi tuliijua miaka mitano. Miche ya mikandaa tukiing'oa. Tuliogopa vigingi." Akawageukia wale wa juu. "Nyinyi hamkujua. Tumekukoseeni. Mtusamehe kwa Mungu."

Alisubiri kidogo, kama anayetaka kuongeza neno, na nilijua ni neno gani, kwa sababu macho yake yalipita kwangu. Kisha akakaa. Hakunitaja. Nami sikusimama. Mwanamke wa juu alianza kulia, aliyekaa kando yake akamshika, na mkutano ukavunjika bila kufungwa.

Nilimwambia mkuu wangu njiani, ndani ya gari, tulipokaribia Wete. Nilimwambia yote: kaa, udongo, miche, ile nafasi ya maelezo. Alisimamisha gari pembeni akasikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anifukuze, na nadhani nilitaka anifukuze.

"Ungeandika, lile tuta lingekuja huku?" aliuliza.

"Sijui. Huenda."

"Huenda," alirudia. Akawasha gari. "Fedha zimekwisha. Andika sasa. Andika kila kitu, na jina lako chini." Nikaandika. Ripoti ile ipo, na inasomwa, nasikia hata nje ya nchi. Majaruba yale hayakurudi.

Bi Mkubwa sikuweza kumkabili kwa muda mrefu. Nilipokwenda hatimaye kumwomba radhi, alinikatiza kabla sijafika popote. "Miye ndiye niliyekwambia usiandike. Ningekutaja, ningekuwa ntu wa namna gani?" Akanipa kisu, tukamenya muhogo.

Muhogo ule ulitoka kwenye ardhi ya juu ya kilima. Alikuwa amekwenda kuiomba kwa mzee mmoja wa familia ya Kiarabu, ambayo zamani ilimiliki kilima chote na sasa imebakiwa na kipande kidogo cha mikarafuu ambacho mzee analima mwenyewe, suruali amekunja. Mzee alimpa sehemu ya kulima bila kumtoza chochote, kwa sharti moja. Apande vitu vya msimu tu. Asipande mti, na asijenge.

Duru ya tatu niliifanya mwaka jana. Safari hii Bi Mkubwa alifuatana nami nyumba kwa nyumba, kwa sababu nyumba nyingi nilizohoji mwanzo zilikuwa zimefungwa. Yule jirani wa kuniita Taarifa ya Habari yuko Tumbe, anaanika dagaa kwa kibarua cha siku. Mwingine amekwenda kwa mwanawe Tanga. Nyumba moja mlango umeondolewa kabisa na mbuzi wamo ndani. Katika kishikwambi changu kuna kitufe cha hali hiyo, kimeandikwa kaya imehama, na nilikibonyeza mara nyingi mpaka Bi Mkubwa akauliza ni kitufe gani kile ninachokipenda.

Tulipomaliza, tulisimama nyuma ya nyumba yake, mahali pa kuteremkia bondeni. Kulikuwa na lundo la matofali mapya ya saruji. Mwanawe wa Unguja alikuwa anamtumia kidogokidogo ili aongeze chumba upande wa chini.

"Weye uliyesoma," aliniambia, "niambie jambo. Maji haya yatasimama wapi?"

Ningeweza kumpa jibu la kitaalamu, kwamba inategemea mambo mengi. Ni jibu la kweli. Lakini nilikuwa nimeshamwachia nafasi tupu mara moja.

"Sijui kwa hakika, Bi Mkubwa," nilisema. "Ninavyodhani, ukiuliza roho yangu, hayatasimama bondeni."

"Yatafika wapi?"

Nilinyoosha mkono. Nilionyesha mfenesi uliokuwa mbele ya nyumba yake, upande wa kilimani. Aligeuka akautazama mfenesi, kisha akatazama nyumba, kisha lundo la matofali. Alipima kwa macho, polepole.

"Kwa hiyo nyumba imo," alisema.

"Si leo. Si mwaka huu."

"Lakini imo."

"Imo."

Alikwenda kutoa nguo kambani, kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia, nami nikamsaidia kukunja.

Mwezi uliofuata nilipita tena Wingwi kwa kazi nyingine. Nyuma ya nyumba yalikuwa yamebaki matofali machache tu ya lile lundo. Nilimkuta yeye na wanawake wawili wakipandisha ya mwisho kilimani, moja moja kichwani, kata za khanga zimelowa jasho. Walikuwa wakiyapanga kando ya muhogo, kwenye ardhi ya yule mzee, ardhi ambayo hakuruhusiwa kujenga hata kibanda.

"Umeshamwambia?" nilimuuliza.

"Bado."

"Akikataa?"

Alitua tofali, akalisawazisha juu ya wenzake kwa viganja vyote viwili. "Ameshapita hapa mara mbili tangu jana," alisema. "Ameyaona. Amesimama pale, amevitazama vyumba vya watu kule chini, kisha ameyatazama haya. Hajasema kitu." Akajifuta uso. "Nasubiri aseme."

Nilivua viatu, nikateremka kuchukua tofali.